Majani mekundu kabla ya mvua



Hapa Lubumbashi mvua kubwa tunaitazamia mwezi wa 11. Lakini miti ya porini haingojei. Tangu mwezi wa 9, wakati udongo bado ni vumbi, inatoa majani mapya kwa maji iliyoyaweka shinani na yale ambayo mizizi inayavuta chini kabisa. Na majani hayo mengi hayaanzi na rangi ya kijani. Yanaanza mekundu, kama shaba iliyosuguliwa.

Siku ya posho iliyopita tuliwapeleka watoto wakaone. Tulikuwa wamama 6 na watoto 11, wa miaka 3 mpaka 7. Nkambo zetu walikuwa wanafika porini kwa mguu. Sisi tulipanda basi kwanza.

Tulianza saa moja asubuhi, kwani mwezi wa 10 jua ni kali. Kila mama alikuwa na watoto wawili tu wa kuangalia, isipokuwa mmoja. Tulivalisha watoto viatu vilivyofungwa, maana joto linatoa nyoka mashimoni. Tulibeba maji ya kunywa, na ya kijito hatukugusa. Mashimo ya wachimbaji tuliyapita kwa mbali. Tulikubaliana pia kwamba mawingu yakijikusanya, tunarudi mara moja, kwa sababu radi ya kwetu haina mchezo.

Amri kwa watoto ilikuwa moja: kitu chochote, kabla ya kukitia mdomoni, mwonyeshe mama. Ndiyo amri itakayowalinda wakati bowa litakapoota, maana lipo la kula na lipo la kuua.

Hatukwenda mbali. Mtoto wa miaka 3 anasimama kwenye kila chungu na kila jiwe, na tulijifunza kumngojea. Tulipofika chini ya mti wa masuku, matunda yakiwa bado mabichi, mtoto mmoja alishangaa. Alidhani masuku yanatoka sokoni, ndani ya beseni.

Kisha tukaona moshi. Mtoto akasema, "Mama, pori linaungua." Lilikuwa tanuru la makala. Tulitazamana. Hakuna mama kati yetu asiyepika bukari kwa makala, basi hakuna aliyekuwa na wa kumlaumu. Tulimwambia ukweli: miti inakatwa, inachomwa chini ya udongo, na tunainunua kwa mfuko.

Jioni, nyumbani, mtoto huyo alichuchumaa karibu na mbabula akauliza, "Huu ulikuwa mti gani?" Mama yake hakujua.

Tumelifikiria swali hilo wiki nzima. Kuacha makala leo hatuwezi. Lakini tunaweza kuloweka maharagwe usiku yaive upesi, kufunika sufuria, na kuzima makala yaliyobaki yatumike kesho. Na tunaweza kujua majina. Mtoto atalinda vipi kitu ambacho hata mama yake hana jina la kukiita?

Posho ijayo tunarudi. Safari hii tumemwomba nkambo mmoja atusindikize, anayejua kila mti kwa jina lake na dawa yake. Mwenye nkambo anayeweza kutembea, amlete. Watoto watauliza, sisi tutasikiliza pamoja nao.