Kuhesabu Chenji Si Ukosefu wa Imani



Leo nataka tuongee kuhusu kaunta ya supamaketi. Usishangae. Mungu anayekuona kanisani Jumapili ndiye anayekuona kwenye foleni ya kulipa Jumamosi jioni.

Kuna mazoea yameingia kwetu sisi watu wa wokovu. Mtu analipa, anapewa risiti, anaikunja bila kuisoma na kuitupa mlangoni. Ukimuuliza, anasema, "Mchungaji, siwezi kugombana kwa sababu ya shilingi kumi. Nimemwachia Mungu." Na yule anayesimama kando kuhesabu chenji yake tunamwona mchoyo, mtu wa kimwili, asiyeamini kwamba Bwana ni mpaji.

Mafundisho hayo nayakataa kabisa. Huo ni uvivu uliovalishwa joho la kwaya.

Fungua Biblia yako, Ezra sura ya 8. Ezra anatoka Babeli kwenda Yerusalemu akiwa na mali ya hekalu. Njiani kuna adui na wanyang'anyi. Angeweza kumwomba mfalme askari, lakini aliona haya, kwa sababu alikuwa amemwambia mfalme kwamba Mungu huwalinda wanaomtafuta. Basi wakafunga, wakaomba, wakaenda bila askari. Niambie, ni nani kati yetu mwenye imani kama hiyo?

Sasa endelea mpaka mstari wa 24. Mtu huyo huyo wa imani anashika mizani! Anawapimia makuhani talanta 650 za fedha, pamoja na dhahabu na vyombo. Wakishafika Yerusalemu, siku ya nne inapimwa tena yote, na uzani unaandikwa. Hawakuwa wezi wale. Walikuwa makuhani wa Mungu aliye hai, na bado walipimiwa. Ezra aliomba na akapima. Wewe umechagua kuomba tu, halafu unaita hiyo imani.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme unga umeandikwa shilingi 145 kwenye rafu, mashine ya kaunta inasoma 160. Mafuta nayo yamezidi kumi na tano. Hizo ni shilingi 30. Ikiwa hivyo kila wiki, kwa mwaka ni shilingi 1,560. Hivyo ni viatu vya shule vya mtoto wako! Halafu Jumapili unakuja mbele tumkemee mlaji wa Malaki 3. Mpendwa, nitaomba nawe mpaka usiku, lakini mlaji mwingine anatoka kwa kusoma risiti.

Basi sikia la kufanya.

Bei ya rafu ikumbuke, au ipige picha kwa simu. Bidhaa zikianza kupigwa, simu iweke mfukoni na utazame skrini. Kitu kimoja kisipigwe mara mbili. Angalia kama mfuko wa kubebea umeongezwa na bei yake. Kama una kadi ya pointi, hakikisha pointi zimeingia kwenye kadi yako, si ya mwingine.

Chenji ihesabu ukiwa bado umesimama pale. Ukishafika mlangoni ni neno lako dhidi ya neno lake. Na ukipewa peremende badala ya sarafu, kataa kwa upole. Hakuna matatu atakayekubali umlipe nauli kwa peremende.

Ukilipa kwa M-Pesa, usitosheke na nambari ya tili iliyobandikwa ukutani. Kibandiko kinaweza kubandikwa juu ya kingine. Soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha malipo, na kama si la duka hilo, simama uulize. Malipo yakikawia na keshia akasema hajayaona, usikimbilie kulipa mara ya pili. Angalia salio lako kwanza. Na PIN usimpe mtu, hata yule ndugu mwema anayejitolea kukusaidia kwa sababu miwani umeisahau nyumbani.

Ukikuta kosa, usimrukie keshia. Mara nyingi si yeye aliyepanga bei. Bei ilibadilishwa kwenye kompyuta, na karatasi ya rafuni ikasahauliwa. Mwambie, "Dada, hebu tuangalie hapa pamoja." Akishindwa, omba meneja. Meneja akikataa, tunza risiti yako, maana Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inalinda haki za mnunuzi, na Competition Authority of Kenya hupokea malalamiko ya wanunuzi. Mizani ikikutia shaka, nenda ofisi ya vipimo ya kaunti. Huko si kukosa roho ya Kristo. Paulo alipotaka kupigwa mijeledi, Matendo 22, hakunyamaza. Aliwauliza kama sheria inaruhusu kumfanyia hivyo raia wa Rumi.

Umesema Amina? Subiri, sijamaliza. Sasa nageukia upande wa pili, na hapa najua Amina zitapungua.

Keshia akikosea kwa faida yako, unafanya nini? Umetoa 500, amekurudishia chenji ya 1,000. Nimesikia watu wakisimama kushuhudia kwamba Bwana amefungua madirisha ya mbinguni. Hapana! Mbinguni hakuna dirisha linalofunguliwa kwenye droo ya keshia. Jioni hesabu ikipungua, kuna mahali ambapo msichana yule anakatwa mshahara. Umeshuhudia kwa chakula cha watoto wake.

Yakobo alifundisha wanawe vizuri, Mwanzo 43. Walikuta fedha zao ndani ya magunia baada ya kununua nafaka Misri. Ilikuwa njaa kali, lakini mzee hakusema ni baraka. Aliwaambia wazirudishe, pamoja na fedha nyingine ya kununulia, kwa maana huenda lilikuwa kosa.

Na wewe unayemwonyesha mama mboga meseji ya M-Pesa uliyoiandika mwenyewe, ukaondoka na sukuma na nyanya zake, wewe si mjanja. Wewe ni mwizi, hata ukinena kwa lugha. Na wewe unayelipa kisha unaomba pesa zirudishwe kwa uongo ukishafika kona, uko kundi hilo hilo.

Wafanyabiashara wa kanisa letu nao wasikie. Gorogoro yako iliyobonyezwa chini ili mahindi yapungue, Mungu anaiona. Mithali 11:1 haikuandikwa kwa ajili ya wapagani. Usiniletee fungu la kumi la gorogoro iliyobonyezwa. Nyoosha gorogoro kwanza.

Wapendwa, ninachodai ni kitu kimoja. Mwenye kuhesabu chenji kwa haki huhesabu pande zote mbili. Ukihesabu tu ili usiibiwe, umejilinda mwenyewe. Ukihesabu pia ili usiibe, umemheshimu Mungu. Na usipohesabu kabisa, hutajua kama umeibiwa au umeiba.

Tuombe. Baba, tupe macho ya kuona kilicho chetu na kisicho chetu. Wape wafanyakazi wa kaunta nguvu mwisho wa mwezi, foleni zinapokuwa ndefu na watu wana hasira. Wanaonyonya maskini kwa mizani na kwa tili, waguse dhamiri. Nyumba zetu ziwe na unga, na unga huo uwe wa haki. Katika jina la Yesu, Amina.

Wiki hii soma risiti yako mpaka chini. Ukikuta umepunjwa, rudi. Ukikuta umezidishiwa, rudi vilevile. Mtumie ujumbe huu yule anayefanya manunuzi ya nyumba yenu.

Mchungaji wenu.