Ndoto Nazo Ni Mali

Hapa Litein, mzazi akiambiwa kwamba mwanawe ataka kuwa mchoraji, hushika tama. Udaktari aujua, bonasi ya majani chai aijua. Lakini uchoraji, hasa wa mambo ya ndotoni, huuhesabu kuwa mchezo wa wavivu. Dhana hiyo ni potofu, nami ninaye shahidi.

Shahidi wangu ni marehemu Jak Katarikawe. Alizaliwa Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, yapata mwaka 1940, na hakujaliwa kusoma wala kuandika. Alikuwa dereva wa David Cook, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Makerere, ambaye alikitambua kipawa chake. Naye Sam Ntiro, mchoraji mashuhuri wa Tanzania, akamtia moyo. Katika miaka ya 1980 alihamia Nairobi, akafanya kazi huko hadi alipofariki mwaka 2018.

Katarikawe alichora ndoto. Ng'ombe wake hupendana kama wanadamu. Wazungu walimfananisha na Marc Chagall. Ni kweli kwamba huko Paris, mwaka 1924, André Breton alitoa tangazo la kuitukuza sanaa ya ndotoni, lakini Katarikawe hakulihitaji. Alichota kwao. Na ni nani angemwelewa kuliko sisi, ambao kabla ya chai tulikuwa watu wa ng'ombe, tukawatolea mahari na kuwapimia heshima?

Hata hivyo, mwaka 2001 ni jumba la makumbusho la Frankfurt, Ujerumani, lililomwandalia maonyesho makubwa. Nauliza: ni wanafunzi wangapi wa Kericho na Bomet waliowahi kusimama mbele ya picha yake hata moja?

Huenda msomaji akaniuliza kama ndoto hulipa karo. Sikatai kwamba wachoraji wengi huishi kwa shida. Lakini na tuitazame chai yetu. Huuzwa kwa wingi katika mnada wa Mombasa, ikaenda kuchanganywa na kupewa majina ng'ambo, na sehemu kubwa ya faida ikabaki huko. Picha nazo zikinunuliwa na wageni peke yao, thamani yake itapangwa na wageni, nasi tutabaki kuisikia redioni.

Tunaweza kutenda vinginevyo. Marehemu Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, alikusanya kazi za sanaa za Afrika, na nyingi zimehifadhiwa leo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Nairobi. Serikali zetu za kaunti na zitenge japo chumba kimoja cha picha. Aidha, kwa kuwa mtaala wa umilisi umeipa sanaa njia yake katika shule za sekondari ya juu, na waletwe walimu wa kuifundisha, isiwe njia ya karatasini tu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ndoto za watu wetu ni mali. Tuziandikie daftari zingali mikononi mwetu.