Jua ni bure, mwenye ploti ndiye hataki

Wasee, mita yangu imeanza kulia tena na tokeni nilinunua Jumatatu. Friji sina. Niko na taa, laptopu na shawa ya moto, basi.

Hebu soma ile meseji ya tokeni polepole. Hulipii stima peke yake: kuna gharama ya mafuta, kuna mambo ya dola, kuna ada ya kupeleka stima mashambani, alafu VAT ya 16%. Na ukipitisha wastani wa yuniti 30 kwa mwezi, kila yuniti inakuwa ghali zaidi.

Kwa cucu wangu shags, paneli moja ndogo inawasha taa na kuchaji simu hadi za majirani. Sisi wa ghorofa Nairobi tunaambiwa paa si la wapangaji. Sawa, hilo paa liko na nini? Matangi na kamba za nguo.

Sidanganyi, sola ndogo haiwezani na shawa ya moto. Lakini pampu ya maji ya ploti je? Hiyo inaweza kupiga kazi mchana jua likiwa kali, maji yajae juu. Hapo hata betri ya nini, tangi ndiyo betri. Na stima ya hiyo pampu tunalipa sisi, imefichwa ndani ya kodi.

Kwa hivyo msiniambie ati sola ni ya watu wa Runda. Mwenye ploti aweke paneli ama atuonyeshe hesabu. Barua nimeandika, majirani 11 wametia sahihi. Keateka anasema ataipeleka "akipata nafasi".