Mwezi ni mkubwa, mwalimu



Juma lililopita niliwaahidi kwamba tutaongea juu ya harusi na vitambaa vya sare, namna vinavyotumalizia feza. Habari hiyo ingoje kidogo. Kuna neno nililosikia darasani, na tangu siku ile ninalala nalo na kuamka nalo.

Ilikuwa Jumatatu tarehe 26 februari 2024. Kisha kupandisha bendera, prefe alinipa karatasi yenye majina 19 ya darasa langu la mwaka wa saba. Kila mama mwenye mtoto wa sekondari anaijua karatasi hiyo. Ni ya wale ambao minervali yao haijafika. Huko msingi masomo ni bure katika masomo ya serikali tangu mwaka 2019, lakini mtoto akivuka tu kuingia sekondari, mlango una bei. Nasi walimu ndio tunaosoma majina. Ukisoma jina, mtoto anasimama, anakusanya kaye zake, anatoka. Neno letu kwa kazi hiyo ni moja tu: kufukuza.

Kwa kawaida wanatoka kimya. Siku ile msichana mmoja alifika mlangoni, akageuka, akaniambia bila kiburi chochote: «Mwalimu, mwezi ni mkubwa.» Watoto wa pwani wakacheka kidogo. Mimi sikuelewa. Nilifikiri anasema mwezi wa februari umekuwa mrefu, nikamjibu, tena kwa sauti ya ukali, kwamba februari ndio mfupi kuliko yote. Akanitazama namna mtu anavyomtazama mgeni aliyepotea njia, akaenda.

Saa ya mapumziko mvulana mmoja alinifafanulia, akionyesha kidole juu: «Si mwezi wa kalenda, mwalimu. Ni mwezi wa kule.»

Hapa lazima niseme ukweli. Mimi nilizaliwa Bukavu, nimefika Uvira kwa ndoa, na ni miaka 9 sasa ninakula ndakala mara tatu au nne kwa juma. Nilisoma hesabu na fizikia ISP. Na bado sikuwahi kujiuliza kwa nini kuna siku beseni za ndakala zinajaa sokoni mpaka bei inaanguka, na siku nyingine hazionekani kabisa. Nilifikiri ni bahati ya wavuvi, au upepo.

Basi Jumamosi, tarehe 2 ya mwezi wa 3, niliamka mapema nikateremka pwani. Nilimtafuta mama ya yule msichana. Nilifikiri atanipokea vibaya, maana mimi ndiye niliyemrudishia mtoto nyumbani. Alinipa kibao nikae, akaendelea kutandaza ndakala zake. Akaniambia: «Mama mwalimu, ukiwasha taa mchana, nani ataiona?»

Ndiyo siri yote. Wavuvi wanaenda usiku, wanawasha taa juu ya maji. Zamani zilikuwa za petroli, sasa wengi wana taa za batri. Ndakala zinafuata mwanga, zinakusanyika chini ya taa, wavu unazipandisha. Lakini mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote linang'aa, na taa ya mvuvi haina nguvu tena. Samaki wanatawanyika kila upande. Mashua zinavutwa mchangani, zinangoja siku saba, mara nyingine mpaka kumi. Ninyi wa pwani mnacheka sasa kwa sababu ninawaandikia mambo mnayoyajua tangu utoto. Cheka tu, lakini wenzenu wa upande wa milimani hawajui, na masomo mengi yanaongozwa na watu wa upande huo.

Mama yule hana mashua. Anachukua beseni kwa deni kwa mwenye ekipe, anaanika, anauza kwa wachuuzi wanaopandisha Bukavu, analipa deni, kinachobaki ndicho chakula, kodi ya nyumba, dawa na minervali. Jua likiwa kali, siku moja inatosha kukausha. Mvua ikinyesha saa nane, ndakala zinaoza na deni linabaki. Na tangu ziwa lilipopanda, mchanga wa kuanikia umepungua. Alinionyesha mahali alipokuwa akitandaza mbele, sasa ni maji, watoto wanaogelea hapo. Leo anaanika karibu na barabara, ambapo vumbi la magari linaingia katika samaki na wanunuzi wanakunja uso.

Siku za mwezi mpevu anauza makala kidogo, nyanya kidogo, nyumbani wanakula sombe na lenga-lenga. Hiyo si shida kubwa, alisema. Shida ni kwamba siku hizo hizo mji wote unafanya sherehe!

Nilishangaa, lakini ni kweli, na ninyi mtazameni. Vijana wa ekipe wako nchi kavu, hawana usingizi wa usiku, basi sine video zinajaa, mpira wa mitaa unachezwa mpaka giza, wenye bia wanafurahi. Kwaya zinapata sauti za wanaume ambazo juma zima zilikuwa ziwani. Harusi za pwani zinapangwa siku hizo kwa sababu wababa wako. Watoto wanaruka kamba na kupiga makofi uani mpaka saa tatu ya usiku, hakuna anayehitaji taa. Mimi mwenyewe ninapenda usiku hizo. Jua likishuka nyuma ya milima ya Mitumba, mwezi unapanda kule Burundi, juu ya maji, mkubwa kama sinia. Jirani yake mama huyo, aliyekuwa akisikiliza, akaongeza: «Ndizo siku bwana yuko nyumbani na mfuko umetoboka.» Tulicheka wote watatu.

Niliporudi nyumbani nilichukua kalenda. Katika Kifaransa mwezi wa juu una jina lake na mwezi wa karatasi una jina lake. Sisi tuna neno moja tu, na labda ndiyo sababu nilidhani ni kitu kimoja. Si kimoja. Mwezi wa juu unazunguka siku 29 na nusu hivi, wa karatasi una 30 au 31, isipokuwa februari. Kwa hiyo mara nyingi wa juu unatangulia kidogo. Niliandika tarehe ambazo mwezi ulikuwa mpevu mwaka huu wa masomo: 28 oktoba, 27 novemba, 27 desemba, 25 januari, 24 februari. Sasa weka pembeni tarehe ya mwisho ya minervali, ambayo kwetu ni mwisho wa kila mwezi. Mnaona? Miezi mitano kwa mfululizo, tunadai feza wakati mashua zimelala.

Halafu nilitazama mwaka wa nyuma. Oktoba 2022 mwezi ulikuwa mpevu tarehe 9, novemba tarehe 8, desemba tarehe 8. Ina maana mashua zilitoka karibu majuma mawili na nusu kabla ya mwisho wa mwezi, na feza ilikuwapo. Nikakumbuka kwamba mwaka ule, katika mkutano wa walimu, prefe aliwasifu wazazi wa pwani, akasema wameanza kuelewa faida ya elimu. Mwaka huu anasema wamerudi katika uzembe. Wazazi ni wale wale.

Jumatatu hii nilimpelekea karatasi yangu. Sikuenda kwa moyo mwepesi, na ni lazima mjue sababu. Mimi ni N.U., sina namba bado, serikali hainilipi. Prime yangu inatoka katika minervali ileile. Mwisho wa februari nilipata nusu tu. Mwenye nyumba yangu naye hatazami mbinguni. Kwa hiyo ninaposoma yale majina 19, ninasoma pia chakula cha watoto wangu, na sitawadanganya kwamba siku zote ninasoma kwa huzuni. Kuna siku nimesoma kwa hasira.

Prefe alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza: «Mwalimu, tufuate mwezi kwa wavuvi, tufuate mvua kwa wakulima wa Ruzizi, tufuate mshahara wa serikali kwa polisi? Tutakuwa na tarehe ngapi?» Ni swali lenye haki. Sikuwa na jibu zuri. Nilimwonyesha tu tarehe za 2022 na yale maneno yake ya mkutano. Alinyamaza, akaisoma karatasi mara ya pili, akaita mkubwa wa komite ya wazazi.

Jumatano walikubaliana hivi, kwa majaribio mpaka Pasaka. Mzazi anayeishi kwa kazi ya ziwa aje mwenyewe ofisini kabla ya tarehe 20, alipe hata nusu, atie sahihi katika kaye. Mtoto wake hatakuwa katika karatasi ya mwisho wa mwezi, na nusu inayobaki ataimalizia tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Si kwamba deni limesamehewa. Niliomba pia majina yasisomwe tena mbele ya wenzao, tupeleke barua kwa wazazi. Hilo prefe amekataa, anasema karatasi ni feza. Basi mimi katika darasa langu nitapita kwenye kibao cha kila mtoto na kumwambia polepole. Hakuna aliyenikataza.

Sasa sikilizeni tarehe, hasa ninyi wa pwani. Mwezi mpevu unaofuata ni tarehe 25 ya mwezi huu wa marsi 2024. Mashua zitalala tangu karibu tarehe 21, na tarehe 31 ni Pasaka, ambayo nayo inakula. Siku nzuri ni hizi tulizo nazo, tangu leo mpaka tarehe 18 au 19. Tarehe 10 ni giza kabisa. Anayengoja mwisho wa mwezi atanikuta tena na karatasi mkononi.

Nimeongea na wamama wa MUSO moja kule Mulongwe juu ya jambo hili. Wao tayari wanafanya kitu bila kukiita jina: usiku za giza kila mmoja anaongeza kidogo katika mfuko wa kijani, na siku za mwezi mpevu anaweza kukopa hapo kwa minervali, halafu analipa mashua zikitoka. Nimeipenda. Wengine waliniambia wanachukua katika mfuko mwekundu. Hapo sikubaliani nao, samahani. Mfuko mwekundu ni wa ugonjwa na msiba, na katika mji ambao tuliona mto Mulongwe ukibeba nyumba na watu mwaka 2020, mfuko huo usiguswe kwa kitu ambacho tarehe yake tunaijua mwaka mzima mbele. Na likelemba? Likelemba ni nzuri, lakini zamu yako inaweza kuanguka siku za giza wakati huna haja nayo sana. Mnaweza kupanga zamu upya mkiwa na kalenda mbele yenu. Mkitaka, nitawaandikia tarehe zote za mwaka, bila malipo. Leteni karatasi tu!

Msichana amerudi Jumanne. Mama yake alikuja mwenyewe na nusu, amevaa kitenge chake cha kanisani, akatia sahihi. Mtoto alikuwa amekosa siku sita na interogasio mbili. Moja amekwisha kuifanya, amepata 6 juu ya 10, na nyingine atafanya Jumamosi nyumbani kwangu.

Jana nimewapa darasa zima hesabu ya mwezi. Mwezi ukiwa mpevu tarehe 25 marsi, na ukizunguka siku 29 na nusu, utakuwa mpevu tarehe ngapi mwezi wa juni, wakati wa mitihani? Ni mara ya kwanza mwaka huu naona watoto wa pwani wakiinua mikono mbele ya watoto wa wenye ofisi. Wakapata tarehe 21 au 22. Niliandika jibu ubaoni, nilikuwa na furaha, nilianza kusema kwamba basi tarehe 30 juni itakuwa tena na shida.

Yule msichana akainua mkono. «Mwalimu, juni haina kazi. Baba anasema ziwa litafungwa.» Na ni kweli kwamba nchi nne za ziwa letu zimekubaliana samaki wapumzike miezi 3 kila mwaka, tangu tarehe 15 mei mpaka tarehe 15 agosti, ili wazaane. Mitihani iko ndani ya siku hizo, na mara tu kisha, feza ya kuandikisha watoto kwa septemba.

Hilo bado sijampelekea prefe.