Mpira wa Wavu Usiishie Chuoni

Kijana wa Ikombe, wilayani Kyela, ambako akina mama wa Kikisi hufinyanga vyungu kando ya Ziwa Nyasa, aweza kuucheza mpira wa wavu tangu UMITASHUMTA hadi UMISSETA, kisha katika chuo cha ualimu. Mara nyingi akihitimu, na mchezo hukoma. Hiyo ni hasara kwa Taifa.

Chuoni, mchezaji mrefu hutosheka kupiga kwa nguvu. Katika klabu kubwa hana budi pia kupokea mipira mizito, kuelewana na mwenzake anayemwandalia mpira, na kuruka kwenye wavu wa mita 2.43, au 2.24 kwa wanawake, hata kwa seti tano. Hayo huhitaji miaka, mwalimu na, zaidi ya yote, ajira.

Kenya ililitambua hilo mapema. Wasichana wanaong'ara mashuleni hupokewa na timu za Magereza, Pipeline na KCB. Timu yao ya taifa ikafika Olimpiki mwaka 2000, 2004, 2021 na 2024. Hapa nchini mzigo huo umeyaelemea zaidi majeshi. Halmashauri nazo zijitwishe. Ile ya Kyela yaweza kuanza na walimu wake vijana: iwapange katika shule zilizo jirani, ili jioni wakutane uwanjani.