Tusidanganywe na Kipimo cha Mafuta

Magari ya haibridi, yaani yale yanayokwenda kwa petroli na umeme kwa pamoja, yamekuwa mengi katika nchi yetu. Mengi yao huingia kwa meli yakiwa yamekwisha kutumika Japani. Toyota Prius ilianza kuuzwa huko Desemba 1997, na ndugu yake mdogo, Toyota Aqua, akafuata Desemba 2011. Leo magari hayo yanaonekana Unguja mjini na Chake Chake, na yanaonekana hapa Kizota kando ya barabara ya Singida. Wenye nayo wanayasifu kwa kula mafuta kidogo, na sifa hiyo ni ya haki.

Lakini sifa hiyo imezaa tabia mbaya. Kwa kuwa gari linakula kidogo, mwenye gari huona hana haja ya kulilisha mapema. Taa ya mafuta huwaka, naye husema, "Hili ni la haibridi, litafika." Swali tunaloliweka mbele ya wasomaji wetu, na hasa mbele ya ndugu zetu wa visiwani na maofisa wa Serikali wanaosafiri kila wiki, ni hili: tangi likikaribia kwisha, kipimo kile kiaminiwe kwa kadiri gani?

Jawabu letu ni kwamba kiaminiwe kama mjumbe anavyoaminiwa. Mjumbe husikilizwa, kisha habari yake hulinganishwa na daftari. Na tangi likishuka hadi robo, majadiliano yakome na mafuta yatiwe.

Kwanza tujue kipimo kinavyofanya kazi. Ndani ya tangi mna boya lililofungwa kwenye mkono mwembamba. Mafuta yakipanda boya hupanda, yakishuka hushuka, na mwendo huo hugeuzwa kuwa alama ya umeme inayopelekwa mbele ya dereva. Tangi si ndoo iliyonyooka. Lina mabonde na pembe, kwa sababu limebanwa chini ya kiti kati ya vyuma vingine. Kwa hiyo sentimita moja ya juu si sawa na sentimita moja ya chini. Gari likipanda mlima au likiegama kandokando ya barabara, mafuta hukimbilia upande mmoja na boya husema jingine. Hii ni kawaida ya kila gari. Mafuta yakiwa mengi kosa dogo halidhuru, lakini yakiwa lita nne au tano, kosa la lita mbili ni karibu nusu ya kila kilichobaki.

Katika Prius na Aqua huongezeka mambo matatu. La kwanza ni kwamba kipimo hakina mshale unaoteremka polepole, bali kina vipande vinavyozimika kimoja kimoja. Chukua Prius ya kizazi cha pili, iliyouzwa kuanzia mwaka 2003 hadi 2009. Tangi lake ni la lita 45 na vipande vyake ni kumi. Hata tukidhani kwamba vipande vyote ni sawa, kila kimoja ni lita nne na nusu, na kwa mwendo wa kilometa 20 kwa lita hiyo ni safari ya kilometa 90. Maana yake ni kwamba dereva anaweza kwenda kilometa 90 bila kupewa habari yoyote mpya. Anapokitazama kipande cha mwisho hajui kama ndiyo kwanza kimebaki peke yake au kiko karibu kuzimika. Matoleo ya gari hilo yaliyouzwa Marekani yalikuwa na shida zaidi, kwa kuwa ndani ya tangi mlikuwa na mfuko unaotanuka na kunywea kufuatana na joto na baridi, hata wenye magari wakalalamika kwamba tangi halijazi kiasi kile kile kila mara.

La pili ni zile kilometa zinazoandikwa kwamba zimebaki. Wengi huzisoma kama ahadi, na kumbe ni hesabu ya jana. Chombo hutazama gari lilivyokula katika mwendo uliopita, kisha hukisia mwendo ujao. Gari la haibridi lina tofauti kubwa kati ya mwendo na mwendo. Katika msongamano wa mjini injini huzimika, umeme hushika kazi, na breki hurudisha nguvu kwenye betri. Katika barabara kuu, kwa mwendo wa kasi, watu wanne ndani na mizigo nyuma, injini hufanya kazi karibu wakati wote. Tupige hesabu ya mfano. Zimebaki lita sita, na gari limezoea kilometa 22 kwa lita. Chombo kitaandika kilometa 132. Likianza kupanda na likala lita moja kwa kila kilometa 15, safari ya kweli ni kilometa 90. Kilometa 42 zimepotea, na hakuna aliyeziiba.

La tatu ndilo lenye hatari kuliko yote. Katika gari la kawaida petroli ikiisha, gari husimama na kila mtu hujua sababu. Katika gari la haibridi betri huendelea kulisukuma kwa kitambo kidogo, na dereva asiyejua huona bado ana uwezo. Uwezo huo ni mdogo mno. Betri kubwa ya Prius tuliyoitaja, ikijaa kabisa, ina takriban uniti 1.3 za umeme, zile zile tunazonunua majumbani kwa LUKU huku bara na kwa TUKUZA huko Zanzibar. Lita moja tu ya petroli ina nishati ya takriban uniti 9. Na betri hiyo ndiyo inayowasha injini, kwa maana magari haya hayana stata ya kawaida. Ikikaushwa, hata ukiletewa petroli injini inaweza isiwake. Kulisukuma hakusaidii, na kuunganisha nyaya kutoka kwa gari jingine hakujazi betri ile kubwa. Lililokuwa jambo la lita mbili linakuwa jambo la gari la kuvuta na fundi mwenye vifaa maalumu.

Sasa tuwageukie ndugu zetu wa Unguja na Pemba. Kisiwa cha Unguja kina urefu wa kilometa 85 hivi, na Pemba ni kifupi zaidi. Taa ikiwaka Mahonda, mjini si mbali. Ikiwaka Wete, Chake Chake si mbali. Mazoea ya kuendesha gari taa ikiwa inawaka hayakuwaadhibu kwa sababu nchi yao haina masafa marefu. Lakini mbunge, ofisa au mfanyabiashara wa visiwani anayekuja Dodoma kwa gari huingia katika masafa ya aina nyingine. Kutoka Morogoro hadi Dodoma ni kiasi cha kilometa 260; kutoka Dodoma hadi Singida ni kiasi cha 240; kwenda Iringa kwa njia ya Mtera ni kama 260 tena. Barabara ya kutoka Morogoro hupanda, na Dodoma yenyewe iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Vituo vipo Dumila, Gairo na Kibaigwa, lakini kati ya mji na mji kuna mapori na mashamba, na usiku hakuna wa kumwita.

Hata hivyo ndugu zetu hao hawahitaji kufundishwa jambo jipya. Mvuvi wa Nungwi au wa Kojani mwenye boti ya mashine hatoki kwa kukisia. Hulinyanyua tangi kwa mkono asikie uzito wake, huhesabu mwendo wa kwenda na wa kurudi, kisha huongeza cha upepo wa mbele. Tunachowaomba ni kuichukulia barabara ya bara kama wanavyoichukulia bahari.

Kwa upande wa maofisa wa Serikali neno letu ni zito zaidi, kwa kuwa magari wanayopanda ni amana ya umma. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa Kizota yapo maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Hakuna mtunza ghala anayekadiria mahindi ya taifa kwa kuchungulia mlangoni. Nafaka hupimwa inapoingia na hupimwa inapotoka, na kitabu ndicho kinachosema kilichobaki. Petroli ya gari la umma inastahili heshima hiyo hiyo. Kitabu cha safari kikiandikwa kwa uaminifu, lita zilizotiwa na kilometa zilizosomwa, dereva atajua kwa hesabu yake mwenyewe gari lake linakula kiasi gani kwenye barabara hii, si kwenye barabara ya mjini. Hapo kipimo kikisema uongo, daftari litakisuta.

Tunajua pia kwamba mara nyingi kosa si la dereva. Hupewa kibali cha lita zisizotosha, huambiwa "nenda hivyo hivyo, utapata mbele", na gari likisimama porini yeye ndiye anayeandikiwa barua ya kujieleza. Hii si haki. Aliyeamuru safari taa ikiwa inawaka ndiye ajieleze.

Wazee wetu wanakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi ilipokuwa na dhiki ya fedha za kigeni na mafuta yakawa adimu, hata magari ya binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Wala tusidhani kwamba hayo ni ya zamani tu. Mwaka 2023, mnamo Julai na Agosti, vituo kadhaa katika mikoa yetu vilikauka. Kipimo cha gari, hata kingekuwa sahihi kwa tone, hakiwezi kukuambia kama kituo cha mbele kina mafuta.

Wapo wanaosema kwamba kujaza tangi ni kulaza fedha. Wapo pia wanaongoja Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku ambayo EWURA hutangaza bei kikomo, wakitumaini kwamba petroli itashuka. Tuwaulize: bei ikishuka hata kwa shilingi 100 kwa lita, mtu wa lita 20 amepata shilingi 2,000. Fedha hiyo haimlipi hata mwenye bodaboda wa kumletea dumu usiku. Na hilo la dumu tulikatae kabisa. Maafa ya Msamvu, Morogoro, ya Agosti 2019, ambapo watu zaidi ya 100 walipoteza maisha walipokuwa wakichota petroli kutoka katika lori lililopinduka, yalitufunza jinsi petroli iliyo wazi ilivyo. Akiba ya msafiri ikae ndani ya tangi lake.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, gari lolote la umma lisitoke mjini kwa safari ya mkoa likiwa na chini ya nusu tangi, na anayetia saini kibali cha safari aandike lita zilizomo. Pili, kila mwenye gari la haibridi, la umma au la binafsi, ajaze tangi mara tatu mfululizo, agawanye kilometa kwa lita, na aitumie hesabu hiyo badala ya zile kilometa za kwenye dashibodi. Tatu, robo tangi ihesabiwe kuwa ndiyo sifuri kwa barabara za bara, na nusu ya robo kwa barabara za visiwani. Nne, gari likiishiwa mafuta, dereva asilazimishe kulipeleka kwa betri. Aliweke pembeni pakavu, alizime, na akileta mafuta atie lita kadhaa zilizo nyingi, kwa kuwa kiasi kidogo huenda kipimo kisikitambue.

Hatusemi haya kwa kuyapinga magari ya haibridi. Nchi inayoagiza kila tone la petroli kwa fedha za kigeni inapaswa kuyapokea kwa furaha. Tunalosema ni kwamba tone lililookolewa na injini lisipotezwe na uzembe. Familia iliyompakia mgonjwa kutoka Gairo kumwahisha Hospitali ya Benjamin Mkapa haina saa mbili za kukaa kando ya barabara, na mwananchi anayemngoja ofisa kijijini naye hana. Kabla ya kuwasha gari, dereva asome daftari. Na mkubwa wake, kabla ya kumwamuru aondoke, alisome pia.