Mkufu wa sayari: anayenunua alipe kazi ya fundi

Mkufu wa shanga za kioo wenye sura ya sayari huvutia macho haraka: Dunia ya buluu, Mirihi nyekundu, Zohali na pete yake. Lakini mnunuzi akisikia bei, mara nyingi hulalamika: « Dola zote hizo kwa vipande vya kioo? » Lawama hiyo si ya haki.

Fundi huyeyusha kioo kwenye moto, akikizungusha juu ya fimbo nyembamba ya chuma iliyopakwa udongo. Ushanga ukipoa ghafla hupasuka, kwa hiyo hupozwa polepole ndani ya tanuru. Ukiharibika, kazi inaanza upya, na hasara ni ya fundi peke yake.

Mwaka 2020, UNESCO iliingiza ufundi huu wa Italia na Ufaransa katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Ni heshima kubwa, lakini heshima hailishi watoto. Kinachowalisha ni bei.

Wakaaji wa kando ya Ziwa Tanganyika wana sababu ya kulielewa jambo hili. Katika karne ya 19, misafara ilifikisha shanga za kioo kutoka Ulaya hadi Ujiji, na huko zikawa pesa ya sokoni. Wengi walizipokea bila kujua zilitengenezwa kwa jasho gani.

Leo wasuka vikapu na wachonga mbao wa mashariki mwa Congo wanaomba kazi ya mikono yao ithaminiwe. Anayedai haki hiyo asimnyime fundi wa shanga.